Pakiti tupu ndani ya tranka

Swali lenu la wiki hii linauliza: mtoto akiwa bweni, mzazi anapataje habari zake? Nimejifunza jibu kwa uchungu.

Mimi naishi Morogoro, binti yangu yuko kidato cha pili Tanga. Mwaka wa kwanza nilidhani napata habari zote. Kundi la WhatsApp la wazazi lilikuwa halilali: ada, mchango wa mahafali, matokeo ya jaribio. Ripoti ya muhula ikaja na mhuri wake: "Anaendelea vizuri, aongeze bidii."

Siku ya kutembelea nikamkuta sketi kaibana kiunoni kwa pini mbili. Kulikoni? "Niko sawa, mama." Nikasema basi tupange tranka lako. Chini kabisa, katikati ya daftari la Biolojia, nikakuta pakiti tupu ya dawa ya mseto, ile dozi ya vidonge 24 ya siku 3. Mwanangu ameugua malaria, amekunywa dawa, amepona, na mimi huku nakumbushwa ada. Nililia palepale, nimekaa kwenye kitanda chake cha deka.

Nikamfuata matroni nikiwa nimefura. Akanijibu kwa upole: "Mama yangu, namba zenu ziko ofisini kwa mhasibu. Mimi sina hata moja." Huyu ndiye anayewaamsha alfajiri, anayejua nani hakugusa ugali na nani analia usiku. Hasira zikaniisha, maana hata mimi nilikuwa sijawahi kumuuliza jina.

Mwaka 2023 Serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne nilifurahi sana, kwa sababu mtoto mdogo hajui hata kueleza panapomuuma. Lakini huyu mkubwa naye anajua kuficha. Alinificha kwa huruma, asije akanitia gharama ya nauli.

Sasa namba yangu na ya baba yake zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha tranka, na matroni anazo kwenye simu yake. Simu ni marufuku kwa wanafunzi, kwa hiyo Jumapili jioni, kwa ruhusa ya shule, binti anatumia ya matroni, nami namtumia vocha. Na kwa kuwa pale anaongea mbele ya wenzake, tumekubaliana neno letu. Akiniuliza, "Mama, mchicha umemwagiliwa?" najua kuna jambo hawezi kulitamka, na kesho yake napanda basi. Ameliuliza mara moja tu, na nilikwenda. La safari ile nitabaki nalo mimi na yeye.

Jumapili iliyopita tulizungumza dakika nne. Kanisimulia wali wa Jumamosi, jaribio la Hisabati, rafiki yake aliyehamia bweni jingine. Mchicha hakuutaja.