Maswali ya wasomaji: Je, neno moja laweza kunihukumu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nilikwenda kwa mwanasaikolojia kwa sababu ya kukosa usingizi. Alinisomea maneno, moja baada ya jingine, akanitaka nitaje papo hapo neno la kwanza linalonijia. Alipotamka "mama" nilikwama, naye akaandika kitu. Je, nimeonekana nina kasoro ya akili? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Neno moja haliwezi kumhukumu mtu. Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi aliyekiendeleza kipimo hiki katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli mjini Zürich mwanzoni mwa karne ya 20, alipima kwa saa muda uliopita kati ya neno na jibu, kisha akairudia orodha ili aone ni majibu gani ya awali mtu ameyasahau au kuyabadili. Anasimulia habari za mtu aliyechelewa kwenye neno "maji", akachelewa tena kwenye "meli", "ziwa" na "kuogelea". Ikabainika kwamba katika huzuni nzito mtu huyo aliwahi kufikiria kujitosa majini. "Maji" peke yake yasingetosha kufikia hapo.

Kinachonitia shaka zaidi ni lugha. Mwaka 1910 watafiti wawili, Kent na Rosanoff, walichapisha nchini Marekani majibu ya watu 1,000 kwa maneno 100, ili ijulikane jibu lipi ni la kawaida na lipi ni la nadra. Kwa "meza", zaidi ya watu 200 walijibu "kiti". Mkulima wa Morogoro akijibu "chakula" hana ugonjwa wowote, na orodha ya Wamarekani haifai kumpima. Tena "mama" kwetu ni mzazi, ni mwanamke yeyote tunayemheshimu, na wakati mwingine ni binti mdogo anayebembelezwa. Kusita kwako huenda kulikuwa kuchagua tu kati ya maana hizo, ingawa huenda pia kuna jambo linalokuuma, na hilo unalijua wewe kuliko saa ya daktari.

Kwa hiyo rudi ukamwulize aliandika nini, na umweleze kilichokupitia moyoni wakati ule. Mtaalamu makini hulitumia jibu kama mlango wa mazungumzo, kisha huuliza pia unalala saa ngapi, unatumia dawa gani na nini kimebadilika nyumbani. Na kama lugha uliyolelewa nayo ni Kiluguru, mwambie mapema, kabla hajasoma neno la kwanza.