Umepima Wapi? Maneno kwa Wanaoanza Kazi ya Chipu Zinazoiga Ubongo

Juma lililopita kijana mmoja aliyejiunga nasi mwezi Septemba alisimama katika kikao cha Jumatatu, akaonyesha jedwali linalodai kwamba mtandao wake wa mipigo (programu ambayo niuroni zake, kama seli za neva za ubongo, hutumiana ishara fupi pale tu zinapokuwa na la kusema) unatumia nishati pungufu mara 40 kuliko mtandao wa kawaida, na watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Haikuwa husuda, niliitambua namba ile kama mtu anavyokitambua kikohozi alichowahi kuugua mwenyewe. Wadogo zangu, nimeona bora niandike kuliko kuendelea kunung'unika kwenye korido.

1. Jueni kwanza umeme unaliwa wapi. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Stanford alionyesha kwamba, katika teknolojia ya nanomita 45, kuzidisha namba mbili za desimali za biti 32 hugharimu pikojuli (sehemu za trilioni za juli moja ya nishati) zisizofika 4, ilhali kuisoma namba moja kama hiyo kutoka kumbukumbu iliyo nje ya chipu hugharimu zaidi ya 600. Kazi yetu yote inatokana na pengo hilo. Ubongo hauna ghala upande mmoja na jiko upande wa pili: sinapsi, yaani maungio kati ya niuroni, hutunza na kukokotoa palepale, na ubongo mzima, wenye niuroni zipatazo bilioni 86, huendeshwa kwa takriban wati 20. TrueNorth ya IBM, iliyotoka mwaka huohuo wa 2014, iliweka niuroni milioni 1 na sinapsi milioni 256 kwenye chipu moja inayotumia miliwati zipatazo 70, kwa kuisogeza kumbukumbu karibu na hesabu. Anayekuja kwangu na wazo linalochota uzito wa sinapsi (namba inayoonyesha nguvu ya kila ungio) kutoka DRAM, ile kumbukumbu ya nje ya chipu, kila hatua, namrudisha kwenye aya hii.

2. Pimeni bodi nzima. Hapa inanibidi niungame. Katika mwaka wangu wa pili wa uzamivu nilipewa chipu yenye njia tatu za umeme: ya kiini, ya kumbukumbu, na ya pini za kuingizia na kutolea data. Nililehemu rezista ndogo kwenye njia ya kiini peke yake, kwa sababu ndiko ncha za mita zilikoweza kupenya bila kugusa kitu kingine. Nikapata miliwati chache, nikagawanya kwa idadi ya picha, nikalinganisha na kadi ya michoro (GPU), inayoendesha mitandao ya kawaida, niliyoipima kwenye soketi ya ukutani, na jibu likawa mara 52. Nilimpigia mama simu kumweleza. Akaniuliza kama kitu hicho kitapunguza matumizi ya Luku. Nikacheka, nikatuma ikisiri kwenye mkutano, ikakubaliwa.

Wiki mbili kabla ya safari, mzee fundi wa maabara alikuja kudai chuma chake cha kulehemu. Aliitazama bodi yangu kimya, kisha akasema, "Weka kidole hapa." Niliweka juu ya chipu, ilikuwa baridi kama sarafu. "Haya, na hapa." Alikuwa ananionyesha FPGA, chipu ambayo saketi zake hupangwa upya kwa programu, iliyokuwa pembeni, ile iliyogeuza kila picha kuwa mipigo, ikaipanga foleni na kuilisha chipu. Nilikitoa kidole kwa kasi. "Na huyu," akauliza, "umeme wake analipa nani?" Jioni ile nilipima kwenye waya unaoingia kwenye bodi: wati 6 na ushee. Nilipozima mipigo yote, mita ilishuka kidogo tu, maana hata chipu iliyolala huvujisha mkondo. Mpinzani wangu nilikuwa nimemhesabia kila kitu, na mimi nimejihesabia mchele wa wali wa nazi, nikasahau nazi na mkaa. Mara 52 ziliyeyuka, na ukweli ni kwamba tulikuwa nyuma kidogo. Barua ya kuiondoa ikisiri ilikuwa na mistari mitatu, nikaiandika siku nzima. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulipima wapi?", na kwa mwaka mzima uliofuata hiyo ndiyo ikawa salamu yangu kwenye mashine ya kahawa.

3. Hesabuni mipigo kabla ya kujisifu kwa usahihi. Niuroni zote zikipiga kila hatua, mnachoendesha ni mtandao wa kawaida uliovaa kanzu ya kuazima. Anzeni na data inayozaliwa ikiwa matukio, kama ile ya kamera za matukio, ambazo hutoa taarifa pale tu kitu kinapobadilika, au ya sauti, na acheni kutafuna picha zilizotulia.

4. Msiiamini transista, ile swichi ndogo inayojenga chipu, kwa sababu mchoro wake unafanana na wa jirani yake. Carver Mead wa Caltech, aliyeiasisi fani hii katika miaka ya 1980, alizitumia transista chini ya volteji ya kizingiti (ile ambayo transista huhesabiwa kuwa imewaka), ambako mkondo wake hupanda kwa mkunjo unaofanana na wa njia za ayoni katika neva; lakini hapohapo ndipo tofauti ndogo za kiwandani hukuzwa, na joto nalo huingilia. Sawazisheni kila chipu, na andikeni joto la chumba katika kila jaribio. Mwenzangu mmoja alihangaika siku nne na niuroni zilizopagawa kila saa nane mchana. Zilitulia siku alipobandika gazeti kwenye kioo cha dirisha.