Alipoacha kubishania bei

Mmeuliza wiki hii, "Ulijuaje mtu wako wa karibu hayuko sawa, na ulifanya nini?" Mimi nilijulia kwa viatu.

Tunauza viatu vya mtumba soko la Gikomba, Nairobi, mimi na jamaa meza zetu zimepakana miaka mingi. Huyu jamaa mteja akimtajia mia tano kwa kiatu cha kamera, ile gredi ya kwanza, alikuwa anacheka mpaka watu wanageuka, anamwambia mathe hiyo ni bei ya fagia, yale mabaki ya mwisho, shuka pale chini, halafu akishapiga hatua mbili anamwita tena, kuja tuongee bwana. Sasa 2023 ikafika mahali mteja akisema mia tatu anapewa. Hakuna kubishana, hakuna kucheka. Nilidhani ni madeni, labda Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, imemkaba, kumbe hata pesa yenyewe alikuwa hahesabu, anaitupa tu kwa koti.

Kila asubuhi namuuliza "uko poa?" naye "poa sana". Hilo kwa Nairobi si swali ni salamu, ukijibu ukweli mtu anaangalia simu. Siku moja nikamuuliza jana umelala saa ngapi. Akanyamaza, akasema hajalala vizuri tangu Jumapili, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Hapo ndio akafunguka, tumekalia robota hatujafungua hata kamba, akaniambia kuna usiku amefikiria kujiua. Mimi sikusema kitu cha maana hata kimoja, niliagiza tu chai na mandazi nikakaa.

Hospitali alikataa kabisa. Aliogopa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, si mnajua mtaani hilo jina ni tusi la kumtupia mtu mkikosana kwa matatu, na pia alikuwa amesikia ukijaribu kujiua ukapona polisi wanakubeba. Na hakudanganywa, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilisema ni kosa, mpaka Januari 2025 ndio Mahakama Kuu ikaamua kinakiuka katiba. Mtu ameumia hivyo halafu unamtisha na seli!

Tulienda hospitali nyingine ya serikali, laini kutoka saa mbili mpaka saa nane, dokta akasema ni dipresheni, akampa dawa na siku ya kuona kaunsela. Kitu hakuna mtu alituambia mapema ni kwamba hizo dawa zinachukua wiki kadhaa kabla uone tofauti, na hizo wiki ndio zilikuwa mbaya, kila siku ya pili anataka kuacha. Mke wake akanipigia, "shemeji, huko dawa anakunywa kweli?" Tukagawana, yeye anaangalia ya asubuhi mimi naangalia ya mchana.

Niliharibu pia. Nilimwambia msee mmoja wa laini yetu, nikijua ni siri, na kabla ya wikendi hata wabeba mizigo walikuwa wanajua. Jamaa hakuniongelesha siku tisa, na alikuwa na haki.

Juzi nilitaka kiatu cha kijana wangu kutoka kwa meza yake. Akaniambia elfu moja mia mbili, bei ya jirani eti. Tulibishana mpaka nikakasirika kweli, nikalipa elfu moja, na bado akaniambia nimemnyonya.