Usipulizie ziwa zima kwa siku moja

Mkuu, simamisha hiyo kazi ya Jumamosi. Mpigie mpulizaji sasa hivi, mwambie asije, halafu rudi usome.

Umeandika kwamba ziwa la mtaa wenu limejaa magugu yaliyozama, yenye majani madogo yaliyozunguka bua na vinundu vyeupe topeni. Kamati imeshanunua daikwati, dawa ya kuua magugu, ya kutosha ziwa lote, na mnataka imwagwe yote kwa siku moja, katika joto hili, ili maji yawe safi kabla ya sherehe ya wakazi. Ukauliza pia kama muongeze samaki wanaokula majani, kama mashine ya kukata inafaa, na michango igawanywe vipi kati ya nyumba za ufukweni na zile za nyuma. Nimesoma yote, lakini hapo kwenye "siku moja" ndipo nilipokwama.

Sisi huku kwetu tulipulizia ziwa letu lote. Siku za kwanza kila mtu alifurahi: magugu yalilegea, yakageuka kahawia, yakazama, boti zikapita tena. Kisha alfajiri moja samaki wakaonekana juu ya maji, midomo wazi, wanatweta. Baada ya hapo wakaanza kuelea, wakubwa kwanza. Watu wakapiga kelele kwamba dawa imewatia sumu, na hapo ndipo wengi hukosea mpaka leo. Ziwa lilikosa oksijeni.

Sikiliza jinsi inavyotokea. Magugu yakiwa hai hutoa oksijeni mchana. Ukiyaua yote pamoja, unaondoa hicho chanzo, na papo hapo unawapa bakteria mlima wa majani yaliyokufa. Bakteria wanapoyaozesha hutumia oksijeni ileile ya samaki. Ongeza joto: maji baridi ya nyuzi 20 yakishiba hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, lakini ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Unaanza na akiba ndogo, na uozo unakwenda kasi zaidi kwa sababu ya joto hilohilo. Samaki wengi huanza kuteseka kiwango kikishuka chini ya 5. Chini ya 2, wengi hawaponi. Na kiwango cha chini kabisa huja kabla jua halijachomoza, kwa kuwa usiku kucha kila kiumbe ziwani kinapumua na hakuna mwanga wa kutengeneza oksijeni nyingine. Ndiyo maana mtu anayekagua ziwa saa sita mchana anarudi akisema hali ni nzuri. Samaki wakubwa ndio hutangulia kufa oksijeni inapopungua. Ukiona hivyo, usipoteze muda kubishana kuhusu sumu, tafuta mashine za kuingiza hewa.

Muuzaji wetu alisimama mbele ya mkutano akasema kupulizia kipande kipande ni kupoteza pesa. Alisema hivyo huku kopo la dawa liko mezani, na maandishi ya daikwati yanaagiza wazi kutibu theluthi hadi nusu ya eneo, kisha kusubiri siku 14 kabla ya kugusa sehemu nyingine! Mpaka leo nikikumbuka nasikia hasira. Yeye anauza kwa lita, na hazoi mizoga. Ninyi mkaulizeni wenu swali moja tu: kwa nini anashauri kinyume cha maandishi yaliyobandikwa kwenye kopo lake mwenyewe? Asipojibu, msimpe kazi.

Halafu hasara haikuishia kwa samaki. Majani yaliyooza yaliachia majini fosforasi na naitrojeni zote yalizokuwa yamezishika, na mwani ukapata karamu. Tulipoteza magugu, tukapata maji ya kijani mazito.

Na hiyo siku moja haikununulii chochote, Mkuu. Kwa maelezo yako, hasa hivyo vinundu, hiyo ni haidrila. Daikwati huunguza sehemu iliyoigusa tu, haivifikii vinundu vilivyofukiwa topeni, na vinundu hivyo hukaa hai miaka kadhaa vikisubiri. Kwa hiyo utapulizia tena, upende usipende. Kama kazi ni ya miaka, haraka ya wiki hii ni ya nini?

Gawa ziwa. Anza na theluthi, kutoka ufukweni kwenda katikati, ili samaki wapate pa kukimbilia. Pima oksijeni alfajiri, kabla ya kupulizia na kila siku baada yake, na usipulizie sehemu ya pili kipimo kikiwa bado kiko chini, hata kama siku 14 zimepita. Kukiwa na mawingu mfululizo, ahirisha. Mwakani anzeni mapema, magugu yakiwa mafupi na maji yakiwa bado baridi. Tena boti zisitibue tope siku ya kupulizia: daikwati hunasa kwenye chembe za udongo na kupoteza nguvu.

Najua mtu atakuja hapa na fluridoni, dawa nyingine ya magugu. Ni kweli, ile hutumika ziwa zima, kwa sababu huua taratibu kwa wiki nyingi na majani hayaozi kwa mkupuo. Lakini mliyonunua ninyi ni daikwati.

Mashine ya kukata: kipande kidogo cha haidrila chenye pingili moja huota mmea mpya. Kama haikusanyi kila inachokata, itawapandia ziwa zima. Samaki wanaokula majani huipenda haidrila, ila wanaweza kufyeka hata mimea mnayoihitaji, na sehemu nyingi huruhusiwi kuwaachia bila kibali na bila kuthibitisha ni tasa. Na yule aliyekushauri ulete fukusi waliopelekwa Ziwa Victoria miaka ya 1990, wale hula gugumaji linaloelea. Haidrila hawataigusa.

Mtaniita mwoga, sawa. Kesho kabla ya jua kuchomoza tafuta kipima oksijeni, pima juu na karibu na sakafu ya ziwa, sehemu yenye magugu na iliyo wazi. Andika namba hizo hapa pamoja na ukubwa wa ziwa na kina chake, nami nitakusaidia kuligawa.