Mdomo ulienda upande kisha ukarudi, bado tumpeleke hospitali?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama ana miaka 58, juzi alikua anasonga ugali mara mwiko ukamponyoka, mdomo ukaenda upande na maneno hayaeleweki, baada ya kama robo saa akarudi sawa kabisa na ugali akala. Jirani anasema ni upepo mbaya, mwenyewe anasema uchovu tu. Presha anayo ila dawa aliacha maana alikua anajiskia mzima. Tumpeleke au tusubiri tuone? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Mpelekeni leo hii, tena hospitali kubwa yenye siti skani, ile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, kama mnaweza kufika. Hiyo inaonekana kabisa ni kiharusi cha muda, yani damu iliziba kwenye mshipa wa ubongo halafu ikafunguka yenyewe, na kupona kwake ndo kunakonitisha maana watu wakiona mtu kapona wanatulia, wakati kiharusi chenyewe kikubwa kinaweza kufuata na siku mbili za mwanzo ndo hatari zaidi. Wampime presha, sukari, kolesteroli na umeme wa moyo, maana moyo unaodunda ovyo ovyo nao unatengeneza mabonge ya damu yanapanda kichwani.

Ikijirudia hata mkiwa njiani mwambie atabasamu uone kama upande mmoja umelegea, anyanyue mikono yote miwili uone kama mmoja unashuka, aseme sentensi moja. Kimoja tu kikigoma ni hospitali mbio na muangalie saa, kwasababu dawa ya kuyeyusha bonge inatakiwa ndani ya masaa manne na nusu, na kama kaamka nayo asubuhi mnahesabu toka mara ya mwisho alipoonekana mzima. Hospitali nyingi hazina hiyo dawa kweli, lakini kuwahi bado kunasaidia sana.

Ikijirudia hivyo msimpe uji wala maji, koo linaweza kua limelegea akapaliwa. Aspirini pia hapana mpaka apigwe picha, sababu kuna kiharusi cha mshipa kupasuka na hiyo dawa inazidisha kuvuja damu. Na kama kuna mganga wa huo upepo mbaya anaousema jirani, mimi sitaki kugombana na imani ya mtu ila naomba sana asitangulie yeye, masaa yanayopotea kwake hayarudi.

Sasa presha. Jamani presha haiumi! Mtu anatembea na 180 anacheka na watu sokoni, kwahiyo kujiskia mzima sio sababu ya kuacha vidonge, vidonge ndo vinamfanya awe hivyo, na akitaka kubadilisha aongee na daktari wake. Na wewe mtoto wake kapime, zahanati wanapima, kaa utulie dakika tano kwanza mkono uwe umeegemea mezani, ikisoma 140/90 au zaidi rudi siku nyingine upimwe tena, ikibaki palepale anza matibabu hata kama huna umri wa mama.