Mama yake Louise

Mwanangu Rehema,

Sisi hatujambo. Mguu wa bibi yako umepungua kuvimba, anakusalimu.

Sasa swali lako. Unasema mwenzako wa chuo anadai kwamba wanawake wa karne ya 19 waliojiita waanarkisti, wale waliokataa serikali na mabwana wa kila aina, hawakuwa na fikra zao, waliwafuata waume zao tu. Umetaka kujua kama ni kweli.

Mwambie amtafute mume wa Louise Michel. Atatafuta sana.

Louise alizaliwa mwaka 1830 kijijini Vroncourt, Ufaransa. Mama yake, Marianne, alikuwa mtumishi katika jumba la wakubwa, akamzaa nje ya ndoa. Binti akasomea ualimu. Mwalimu wa serikali alitakiwa kula kiapo cha utii kwa Napoleon III, mtawala wa Ufaransa wakati ule. Yeye akakataa, akafungua shule yake. Mimi niliyetia saini kila fomu niliyoletewa kwa miaka 32 ya chaki, hapo niliweka kitabu chini kidogo.

Mwaka 1871 watu wa Paris walijitawala wenyewe kwa miezi miwili na siku chache, ndiyo Komyuni. Louise alishika bunduki na wanamgambo wa mtaa wa Montmartre. Jeshi lilipoingia mjini likamkosa, likamkamata mama yake. Akaenda mwenyewe kujisalimisha ili Marianne aachiwe. Mahakamani aliwaambia majaji kwamba kama fungu la wapenda uhuru ni risasi, basi naye apewe lake. Hawakumpa. Walimpeleka uhamishoni New Caledonia, huko Pasifiki.

Melini walikaa kama miezi minne, wamefungiwa vizimbani. Humo ndimo alimogeukia uanarkisti, na aliyekuwa akijadiliana naye ni mwanamke mwenzake: Nathalie Lemel, mjalidi vitabu aliyeachana na mumewe, aliyesaidia kuanzisha Paris mgahawa wa ushirika ambao jina lake kwa Kiswahili ni Chungu. Wafanyakazi walikula hapo kwa bei nafuu. Mume hayumo tena, umeona?

Kinachonigusa zaidi ni cha mwaka 1878. Wakanaki, wenyeji wa kisiwa kile, waliinuka dhidi ya Wafaransa waliowanyang'anya ardhi. Wahamishwa wengi wa Komyuni, watu waliopigania uhuru wao Paris, waliwapa Wafaransa mkono. Louise akasimama na Wakanaki. Anasimulia kwamba aliikata vipande viwili skafu yake nyekundu ya Komyuni, akawapa wawili waliokuwa wakienda vitani. Sisi tuliotawaliwa tunajua mtu wa namna hiyo ni adimu kiasi gani.

Alisamehewa pamoja na wenzake mwaka 1880, akarudi. Machi 1883 aliongoza maandamano ya wasio na kazi Paris, bendera nyeusi mkononi. Watu wakavamia maduka ya mikate, yeye akahukumiwa miaka 6. Mwaka 1888 mtu alimpiga risasi ya kichwa kule Le Havre. Akamtetea mtu huyo mpaka akaachiwa, na risasi akabaki nayo kichwani.

Lakini mimi ni mama, na ninaposoma haya macho yangu yanamtafuta Marianne. Nani alimpelekea maji miaka ile bintiye alipokuwa ng'ambo? Januari 1885 alifariki, Louise akiwa bado mfungwa. Alikuwa ameruhusiwa kukaa naye siku za mwisho, chini ya ulinzi. Siwezi kukudanganya kwamba namsamehe kila kitu. Wala sina hakika kwamba Marianne aliona kuna la kusamehe.

Mwenzako aking'ang'ania kwamba lazima kuna mtu Louise alimfuata, mwambie yupo. Alipofariki Marseille mwaka 1905, mwili wake ulisafirishwa mpaka makaburi ya Levallois-Perret, karibu na Paris, alikolala mama yake.

Mama yako