Barua kwa mwanangu: patasi zimo humo humo nyumbani

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Tandika hatujambo. Mama yako anakusalimu sana na anasema usisahau kula mchana.

Ujumbe wako nimeusoma. Umeniambia kwamba umeanza kuchonga vijiko na vinyago vidogo jioni ukitoka kazini huko Dodoma. Seti ya patasi uliyonunua midomo yake inajikunja ukikutana na mti wenye ugumu kidogo, na zile nzuri bei yake huiwezi kwa sasa. Unauliza kama inawezekana kujitengenezea zana kwa vitu vikuukuu vya nyumbani. Inawezekana, na nimefurahi mno kwamba umeniuliza. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu mambo ya moto yanataka kusomwa na kurudiwa.

Shika hili kwanza. Uzuri wa patasi hauko kwenye umbo lake, uko kwenye chuma chenyewe na moto uliokipitia. Umbo unaweza kulirekebisha hata kesho kwa tupa na jiwe. Lakini chuma kisicho na kaboni ya kutosha, hata ukitie moto wa namna gani, hakitashika makali. Ndiyo maana ile seti yako inakusumbua: ama chuma chake ni laini, ama hakikupitishwa motoni inavyotakiwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua. Tupa iliyokwisha meno ndiyo mali kuliko vyote. Ina kaboni nyingi, kama asilimia moja au zaidi kidogo, na hapo ndipo makali yanapotoka. Tupa bapa inatoa kisu na patasi bapa. Ile ya duara ukiisaga ncha inatoa kipatasi kizuri cha kuingia pembeni. Panga kuukuu nalo ni zuri. Kaboni yake ni ndogo kuliko ya tupa, ila halivunjiki ovyo, na kipande chake kinafaa kisu cha kuchongea vijiko. Bisibisi kubwa za zamani, zile za chuma kizito, zinafaa patasi nyembamba, na uzuri wake zina mpini tayari. Misumari ya zege, ile inayokatika badala ya kupinda, inatoa vipatasi vidogo vya macho na nywele za kinyago. Ukihitaji tezo, kile kishoka cha kuchongea chenye mdomo uliokingama na mpini, tafuta springi bapa ya gari. Hiyo haipatikani jikoni, lakini wauza vyuma chakavu wa mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam hawaikosi, na hata huko Dodoma gereji yoyote watakuwa na kipande.

Usipoteze mkaa kwa nondo, bati, bomba wala msumari wa kawaida. Hivyo ni vyuma laini na vitabaki laini. Visu vya jikoni vya stenlesi viache kama vilivyo. Ukivinoa vizuri vinaweza kukata mti mwororo, lakini usiviingize kwenye jiko la mkaa, maana stenlesi inataka joto la kupimwa kwa mitambo. Na mbuzi ya nazi ya bibi yako usiiguse kabisa. Ile ina kazi yake.

Ukiwa na shaka juu ya chuma, kiguse kwenye jiwe la grainda uangalie cheche. Chuma chenye kaboni nyingi kinatoa cheche fupi zinazopasuka na kutawanya matawi mengi, kama fataki za sikukuu. Chuma laini kinatoa mistari mirefu iliyonyooka, na matawi machache sana.

Wembe wa msumeno wa chuma nao unafaa kisu chembamba, ila kuna aina mbili. Jaribu kuupinda ukiwa umeufunika kwa kitambaa kizito na umevaa miwani. Ukikatika kwa mlio, wote ni mgumu, utumie. Ukipinda tu na kurudi, basi ugumu uko kwenye meno peke yake na mgongo ni laini, na ukishasaga meno utabaki na kitu kisicho na faida.

Kuna kimoja watu hawakidhanii: mwavuli uliovunjika. Zile fito zake za chuma nyingi zimekunjwa kama mfereji mdogo. Kata kipande, kisage mdomo kwa mshazari, kinoe kwa ndani na nje, kisha kizamishe kwenye mpini mpaka kibaki nje kama sentimita 2 tu ili kisipinde. Kinachora mistari myembamba ambayo patasi kubwa haiwezi. Ni kwa mti laini na kwa kusukuma na mkono, usikigonge.

Sasa moto. Hapa nisikilize vizuri.

Njia ya kwanza haina moto kabisa. Tupa tayari ni ngumu, kwa hiyo unaweza kuisaga tu mpaka ipate umbo. Lakini isage taratibu na uichovye kwenye maji kila mara, hata kabla haijaunguza vidole. Ukiona mdomo umegeuka bluu, ugumu umeondoka mahali hapo na hakuna msasa utakaourudisha. Itabidi usage mpaka uvuke sehemu ile. Hata tupa uliyoisaga bila kuiunguza bado ni kavu mno kwa kazi ya kuchonga, inakatika kama kigae. Lazima upunguze ukavu wake kwa joto dogo, nitakueleza hapo chini.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda, maana inakupa uhuru wa umbo. Washa jiko la mkaa nje, pulizia kwa feni ndogo au drayer ya nywele, weka chuma mpaka kiwe chekundu chote, kisha kifukie kwenye majivu makavu mpaka asubuhi. Kikipoa polepole hivyo kinalainika, na utakikata kwa msumeno na kukichonga kwa tupa nzima bila taabu. Ukitaka mdomo uliojikunja wa kukomba ndani ya kijiko, ndio wakati wa kuukunja, chuma kikiwa chekundu, juu ya bomba au kipande cha nondo nene. Hapo nondo inafaa, kama fuawe, yaani chuma cha kupigia kazi juu yake.

Umbo likikamilika, usiumalizie mdomo ukawa mwembamba kama wembe. Uache na unene wa sarafu hivi. Mdomo mwembamba unaungua motoni na kupasuka ukiuchovya.

Kisha kinarudi kwenye moto kupewa ugumu. Fanya wakati wa magharibi, giza linapoingia, ili uione rangi sawasawa. Juani chuma chekundu kinakudanganya. Weka sumaku karibu. Gusisha chuma kwenye sumaku kila baada ya muda. Kikifika joto la kama nyuzi 770 za Selsiasi, sumaku inaacha kukivuta. Kiongezee moto kidogo tu baada ya hapo, mpaka wekundu ung'ae zaidi, kisha kichovye wima kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu. Kitembeze juu na chini, usikizungushe kama unakoroga uji, kitapinda. Maji yanapoza haraka mno kwa tupa. Yanaweza kuipasua ukasikia mlio.

Mafuta yaweke kwenye chombo cha chuma, kirefu, chenye kifuniko cha chuma. Yanaweza kushika moto. Yakiwaka, funika, kamwe usimwagie maji. Shika chuma kwa koleo ndefu, vaa miwani na viatu vya kufunika vidole, na watoto wa jirani wawe mbali. Tena usiweke motoni kitu chochote chenye rangi ya fedha ya kupakwa, kiwe cha zinki au cha kromu. Zinki ikiungua inatoa moshi unaoleta homa na kifua kubana, na moshi wa kromu nao ni sumu. Bisibisi inayong'aa, isage tu kwenye maji, usiipike. Fito za mwavuli hivyo hivyo.

Chuma kikitoka kwenye mafuta, pitisha tupa nzima pembeni. Ikiteleza bila kuuma, kimeshika ugumu. Lakini hapo ni kavu hatari, kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Kisafishe kwa msasa mpaka king'ae, maana sasa utasoma rangi. Ukiwa na ovni, kiache humo saa nzima kwenye nyuzi 200 hadi 220. Kama huna, jaza mchanga mkavu kwenye kikaango cha zamani, weka jikoni, laza chuma juu yake na ukae hapo hapo. Kitaanza kuwa manjano hafifu kama majani makavu, halafu hudhurungi, halafu zambarau, halafu bluu. Kisu na patasi ya kusukuma kwa mkono, itoe kwenye manjano. Patasi ya kugongwa kwa nyundo ya mti, ngoja hudhurungi iingie. Ile ya kugongwa hakikisha umechovya mdomo tu kwenye mafuta na mkia umebaki laini. Chuma kigumu kikipigwa kwa nyundo ya chuma hutoa vipande vinavyoruka, na jicho halina la pili.

Mipini usinunue. Huku Keko nilikofanyia kazi, vipande vya mninga vilikuwa vikichomwa kila siku. Na huko uliko, mafundi wa samani watakupa bure. Toboa tundu dogo kuliko mkia wa chuma, kata pete kutoka kwenye bomba la shaba, ivalishe kwenye kichwa cha mpini ili mti usipasuke, kisha ingiza chuma na gundi ya epoksi. Umbo la mpini lifuate kiganja chako, si cha mtu mwingine.

Kunoa ni msasa namba 400, 800, kisha 1200 juu ya kioo bapa. Patasi za kujikunja, zungushia msasa kwenye kijiti cha duara unoe ndani. Malizia kwa kipande cha mkanda wa ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arishia chuma, ukivuta kwa kurudi nyuma tu. Mdomo wenye pembe ya nyuzi 20 hadi 25 unafaa miti ya kawaida.

Anza na zana mbili tu, kisu kimoja na patasi moja ya kujikunja, na uzijaribu kwenye mwembe au mfenesi. Mpingo ungoje. Ule ni mzito hata maji unazama, utakuharibia makali kabla mkono haujazoea, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Ukija likizo nitakupeleka Mwenge kwa wachongaji. Omba kwa adabu wakuonyeshe tezo na patasi zao, angalia pembe ya mdomo na jinsi mpini ulivyolika mahali dole gumba linapokaa. Wazee wa Kimakonde walichonga kazi zinazotazamwa dunia nzima kwa tezo, patasi na tupa.

Nimekuwekea tupa mbili bapa na moja ya duara, pamoja na springi ya gari niliyoikata. Nitazituma kwa basi wiki hii. Nitakupa namba ya mzigo. Kabla hujawasha moto, nipigie picha ya jiko na chombo cha mafuta ulichoandaa, nikitazame.

Baba yako